Kompyuta ya Mezani Inaunguruma, Kioo Cheusi: Tafuta Tatizo Kabla ya Kununua Kitu

Mama mmoja mwenye stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, alinijia na monita mbili nyuma ya bodaboda, zimefungwa kwa kanga zisigongane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kioo kilikufa Jumatatu. Nikanunua hiki kingine, nacho tangu nikiweke hakijaonyesha kitu."

"Waya umebadilisha, mama?"

"Waya gani?"

Monita zote mbili ziliwaka mezani kwangu na kutoa picha safi. Tukaenda dukani kwake. Nilipochomoa waya wa picha na kuugeuza kichwa kwenye mwanga, pini moja ya mstari wa chini ilikuwa imelala ubavuni, imejikunja kama mguu wa panzi. Siku ya usafi mtu alichomoa, akarudisha kwa nguvu. Niliinyoosha kwa ncha ya bisibisi ndogo, nikachomeka, picha ikarudi. Hela ya monita ya pili ilikuwa ya kununulia karatasi na wino, na muuzaji alikataa kuirudisha.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye: wenye kompyuta ya mezani ya miaka mingi, ile iliyokuja mtumba kutoka Ulaya, Marekani au Dubai, ambayo bado inachapa barua, inatoa kopi na kufundishia watoto. Kompyuta hizo zina thamani na nyingi zinatupwa bure. Ninaposema sipiyu nina maana ya kasha zima, kama tunavyoliita sote mtaani. Vifaa utakavyohitaji ni bisibisi ya nyota, tochi ya simu, brashi laini, raba ya kufutia penseli na, ukiweza kuazima, waya mmoja wa picha unaojua ni mzima. Huo waya wa kuazima una faida kuliko vingine vyote.

Picha inatengenezwa ndani ya sipiyu, inapita kwenye waya, inaonyeshwa na monita. Kazi yako yote ni kujua imekwama wapi kati ya sehemu hizo tatu. Fuata mpangilio huu, usiruke hatua kwa sababu unaiona ndogo.

Hatua ya 1: Je, sipiyu iko hai?

Washa, halafu sikiliza na kuangalia. Feni inazunguka? Taa ya mbele imewaka? Sasa bonyeza Num Lock kwenye kibodi mara kadhaa. Kama kitaa chake kinawaka na kuzima kila unapobonyeza, sipiyu imeamka na huenda Windows imeshafunguka kabisa. Tatizo lako liko kwenye njia ya picha au kwenye monita. Kama kitaa kimeganda, au hakiwaki kabisa, tatizo linaelekea liko ndani ya sipiyu. Jaribio hili ni la sekunde tano na linakuokoa nusu ya safari.

Kama hakuna hata feni, anzia kwenye umeme. Jaribu soketi nyingine bila ekstensheni. Badilisha waya wa umeme. Ule wa sipiyu na wa monita kwa kawaida ni wa aina moja, kwa hiyo wabadilishane. Angalia kama nyuma ya pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachopokea waya wa umeme, kuna swichi ya I na O, isije ikawa imegeuzwa kwenye O.

Hapa nisimame kidogo, maana kosa hili nimelishuhudia na moshi wake nimeunusa. Pawa saplai nyingi za zamani zina kiswichi chekundu nyuma chenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230 au 240. Kompyuta iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo unasikia mlio kama fataki, harufu ya kuungua inajaa chumba, na pawa saplai imekwisha. Kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja tulipoteza mbili asubuhi moja kabla mtu hajakumbuka kutazama nyuma. Kila mtumba unaoingia, geuza kwanza, tazama kiswichi, ndipo uchomeke. Kama hakipo, nenda kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Ikiandikwa 100–240, hakuna cha kugeuza.

Hatua ya 2: Ihoji monita peke yake

Taa ya monita inasema mengi. Ikiwa haiwaki kabisa, monita haipati umeme au imekufa ndani. Ikiwa ya bluu au kijani, inadhani inapokea picha. Ikiwa ya rangi ya chungwa, au inapepesa, monita ni nzima ila haioni kitu kutoka kwenye waya, imelala.

Sasa chomoa waya wa picha upande wa monita, acha wa umeme, kisha izime na kuiwasha. Monita nyingi zitaandika maneno kama "No Signal" au "Check Signal Cable", au zitaonyesha kisanduku chenye rangi kinachozunguka kiooni. Ukiyaona maandishi hayo, kioo, taa zake za ndani na umeme wake vinafanya kazi. Usinunue monita. Nasema tena kwa sababu ndicho kitu cha kwanza watu wanachonunua.

Kwenye monita yenye matundu mawili au zaidi kuna kitufe cha kuchagua tundu, mara nyingi kimeandikwa Source au Input. Monita inaweza kuwa inasikiliza tundu la DVI wakati wewe umechomeka VGA, na hizo ni aina mbili tofauti za tundu la picha. Kibonyeze, subiri sekunde kadhaa kila mara, uone kama picha itatokea.

Hatua ya 3: Waya, na hasa ule wa VGA

VGA ni ya tangu mwaka 1987, ilianzia kwenye kompyuta za IBM, na bado ndiyo imejaa kwenye maofisi na mashule yetu. Kichwa chake mara nyingi ni cha bluu, kina nafasi 15 katika mistari mitatu ya tano tano, na skrubu mbili pembeni. Skrubu hizo zina kazi. Waya usiokazwa unalegea kidogo kidogo kwa kila mguso wa meza, na mwisho wake ni picha inayokuja na kupotea.

Chomoa, elekeza kichwa kwenye mwanga. Pini zote zimesimama wima? Iliyolala inyooshe taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo au kalamu ya chuma isiyo na wino. Usiipindue mara nyingi, ni laini na itakatika. Ukikuta nafasi moja ya mstari wa kati haina pini, usishtuke: nyaya nyingi zinatengenezwa bila pini ya 9 na zinafanya kazi vizuri. Nimewaona watu wakitupa waya mzima kwa sababu hiyo.

Huku pwani adui mwingine ni chumvi ya hewa. Tazama ndani ya tundu la sipiyu kwa tochi. Ukiona unga wa kijani au weupe kwenye chuma, hiyo ni kutu. Zima na uchomoe umeme, lowesha brashi kwa spiriti ya kusafishia isiyo na mafuta wala manukato, sugua, acha ikauke kabisa. Kisha chomeka na kuchomoa waya mara tano au sita ili vyuma vijisugue vyenyewe. Usitumie maji, wala mafuta ya taa.

Halafu badilisha waya kwa ule wa kuazima. Kama picha inarudi, kazi imekwisha, na ule mbovu ukate vichwa papo hapo, maana ukiuacha kwenye droo utakuja kukudanganya tena mwakani.

Rangi zilizoharibika zinakuonyesha hata pini yenyewe. VGA inapeleka rangi tatu kwenye pini tatu tofauti: ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Fungua ukurasa mtupu mweupe. Kama weupe umekuwa manjano, bluu haifiki. Kama umekuwa wa zambarau inayoelekea pinki, kijani haifiki. Kama umekuwa samawati, kama maji ya ufukweni jua la saa sita, nyekundu haifiki. Tikisa kichwa cha waya taratibu huku ukitazama; rangi ikirudi na kupotea, umeshika ugonjwa mkononi. Na kama Windows inakataa kuonyesha saizi halisi ya monita yako, huenda ni pini ya 12 au ya 15, ambazo sipiyu huzitumia kuiuliza monita "wewe ni nani". Zikikatika, picha inapita, lakini kompyuta haijui imeunganishwa na monita gani.

Picha iliyosogea upande mmoja, au maandishi yanayotetemeka, wala si ugonjwa. Bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita, ijipange yenyewe.

Jambo moja kuhusu adapta: tundu la DisplayPort, aina mpya zaidi ya tundu la picha, kwenda VGA linahitaji adapta yenye saketi ndani, kwa sababu upande mmoja ni wa dijitali na mwingine ni wa analogi. Waya mtupu uliogeuzwa vichwa hautatoa picha hata siku moja, hata kama muuzaji anaapa.

Hatua ya 4: Umechomeka tundu lipi?

Sipiyu nyingine zina matundu mawili ya picha nyuma: moja liko juu pamoja na ya USB na ya kibodi, hilo ni la mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), lingine liko chini, limelala, hilo ni la kadi ya picha iliyoongezwa. Kadi ikiwepo, kompyuta nyingi hupeleka picha kwenye kadi na kulinyamazisha tundu la juu. Mtu anahamisha meza, anachomeka tundu la kwanza analoliona, na kioo kinakuwa cheusi. Hamishia waya kwenye tundu la pili, washa upya. Hiyo tu.

Hatua ya 5: Fungua kasha, na anza na ramu

Umefika hapa na Num Lock haijibu, au feni inazunguka na kioo kiko gizani, au kuna milio ya bipu. Chomoa waya wa umeme. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 20 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Laza kasha, fungua ubavu. Kabla ya kugusa chochote, gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu, umeme wa mwilini ukatokee hapo badala ya kwenye chipu.

Kabla ya kuchomoa kitu, piga picha kwa simu, waya zote zionekane.

Utakachokikuta ni vumbi, na mara nyingi mijusi. Mjusi aliyekaukia juu ya mazabodi anaweza kusababisha shoti. Toa uchafu kwa brashi, ukipuliza kwa blowa shikilia panga za feni zisizunguke. Lakini pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna kapasita kubwa, vikopo vya kutunzia umeme, zinazoweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa umeme.

Sasa ramu, vile vipande vyembamba vya kumbukumbu vilivyochomekwa kwenye mazabodi. Kwa uzoefu wangu, kompyuta ya zamani inayowaka bila picha, monita na waya vikiwa vizima, ramu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Haijafa, imechafuka tu. Vyuma vyake vya dhahabu vinapata ukungu mwembamba wa hewa na unyevu, mguso unapotea, na kompyuta inakataa kuanza kabla hata haijafikia hatua ya kuchora picha.

Fungua vishikizo viwili vya mwisho wa tundu, kipande kitajiinua chenyewe. Kishike kwa kingo. Kilaze juu ya karatasi, chukua raba laini, nyeupe au ya pinki, sugua vyuma vya dhahabu kuelekea nje, upande mmoja kisha wa pili, hadi ving'ae. Zile raba za rangi mbili, usitumie ule upande wa bluu wa kufutia wino. Una mchanga na unakwangua dhahabu yenyewe. Pangusa chembe zote za raba kwa brashi kavu, safisha na tundu pia. Rudisha kipande ukilinganisha kitobo chake na kijino cha tundu, sukuma pande zote mbili kwa dole gumba mpaka usikie *ta, ta*, vishikizo vikijifunga vyenyewe. Kama hujasikia, hakijaingia.

Kama kuna vipande viwili au vinne, weka kimoja tu, washa. Hakuna picha? Hamisha tundu. Bado? Badilisha kipande. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayokuambia kwa uhakika kipande kipi kimekufa, au tundu lipi. Kila ukibadilisha, chomoa umeme kwanza, kila mara, hata ukiwa na haraka.

Milio nayo inasaidia. Bipu moja fupi kwenye mashine nyingi maana yake yote ni salama. Bipu zinazojirudia bila kukoma mara nyingi ni ramu. Kwenye bayosi (programu ya kuwashia iliyo kwenye mazabodi) ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni tatizo la kadi ya picha. HP Compaq za ofisini za miaka ile hupepesa taa nyekundu huku zikilia: mara tano ni ramu, mara sita ni upande wa picha. Dell OptiPlex nyingi za zamani zina vitaa vinne vyenye namba mbele; andika vipi vimewaka, kisha tafuta maana yake kwa jina kamili la modeli.

Hatua ya 6: Betri, kadi, kapasita

Betri ya duara kwenye mazabodi ni CR2032, ya volti 3, na inauzwa popote zinapouzwa betri za saa. Kama kila ukiwasha tarehe inarudi miaka ya nyuma, betri imekwisha. Iliyokufa inaweza kuivuruga mipangilio ya bayosi hadi mashine nyingine zikatae kuonyesha picha. Chomoa umeme, itoe, subiri dakika kumi, weka mpya, maandishi ya jumlisha yatazame juu.

Kadi ya picha itoe kabisa kama ipo na mazabodi ina tundu lake la picha. Unapoitoa, kuna kishikizo kidogo mwishoni mwa tundu, kibonyeze kwanza. Wengi wanaikatia hapo. Washa bila kadi ukitumia tundu la mazabodi. Picha ikija, safisha vyuma vya kadi kwa raba kama ulivyofanya ramu, irudishe, jaribu tena. Isipokubali, na wewe unachapa barua tu, iache nje. Huihitaji. Na kama kadi uliiongeza wewe, soma wati za pawa saplai: kasha dogo la ofisini lina pawa saplai ndogo, na kadi kubwa ya michezo inaweza kulizimisha kila inapofanya kazi nzito.

Halafu inama na tochi, zitazame kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa, ile chipu kuu yenye feni juu yake. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba kama kopo la maharage lililooza, au kikitoa ute wa kahawia, kapasita hiyo imekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata kundi kubwa la kapasita mbovu, na mashine za umri huo bado tunazikuta zimevimba. Fundi anayejua kulehemu anaweza kuzibadilisha: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, aina ya kuhimili joto la 105°C, na mstari wa hasi uelekee palepale ulipokuwa. Kapasita zenyewe ni bei ndogo sana, unalipia mkono wa fundi.

Picha ipo, lakini ni mbovu

Hapa swali ni lilelile: ni monita, au ni sipiyu? Kuna majaribio mawili yanayomaliza ubishi.

La kwanza, fungua menyu ya monita yenyewe, ile ya kuongeza mwanga. Inachorwa na monita, haitoki kwenye sipiyu. Kama mistari au madoa yanapita juu ya menyu hiyo pia, ugonjwa uko kwenye monita. Menyu ikiwa safi na mistari ikikaa nyuma yake tu, geukia waya na sipiyu.

La pili, bonyeza Print Screen, bandika kwenye Paint, hifadhi, utume kwenye simu. Kama madoa yanaonekana hata kwenye simu, yanatengenezwa ndani ya sipiyu, yaani kadi ya picha au draiva, programu inayoiendesha. Picha ikiwa safi kwenye simu, chunguza waya na monita, ingawa tundu la kadi lenyewe nalo linaweza kuwa bovu. Waya mzima na monita nyingine vitakuambia.

Mstari mmoja mwembamba wima usiobanduka, uliopo hata kwenye menyu, ni wa kioo. Hautibiki kwa gharama ya maana. Vumilia kama kazi inaendelea.

Madoa na vipande vya rangi vinavyotokea baada ya dakika ishirini za kazi, na kuondoka kompyuta ikipoa, ni joto. Safisha feni ya kadi na ya prosesa. Kama mashine ina miaka kumi na haijawahi kufunguliwa, ile dawa ya joto chini ya feni ya prosesa imekauka na kuwa kama chokaa. Ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya harage dogo.

Giza ni suala la peke yake. Monita za zamani zimewekewa taa za mirija ndani, kama tyubu za dukani ila nyembamba kuliko kalamu. Zikizeeka, kioo huanza na wekundu asubuhi na kufifia mwaka hadi mwaka. Zikifa, au saketi yake ikichoka, unaona picha kwa sekunde mbili kisha giza, huku taa ya mbele ikiendelea kuwaka. Zima taa za chumba, mulika tochi ya simu kwa ubavu karibu na kioo. Ukiona aikoni zako kwa mbali, kama maandishi chini ya maji, basi picha ipo na kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Monita inayopepesa mara kadhaa kabla ya kuwaka, au inayohitaji kupashwa moto nusu saa, mara nyingi ni kapasita za bodi yake ya umeme. Mpelekee fundi, na umwambie maneno hayo hayo, yatamfupishia kazi. Usiifungue mwenyewe: volti za taa hizo ni mamia kwa mamia, na mirija ina zebaki.

Monita zile kubwa zenye mgongo ndiyo usithubutu kabisa. Ndani zinabeba makumi ya maelfu ya volti.

Nembo inaonekana, kisha giza

Ukiona nembo ya kampuni au maandishi ya mwanzo, halafu kioo kinazima Windows inapoanza, furahi. Sipiyu, waya na monita vyote vinafanya kazi. Iliyoharibika ni programu au mipangilio.

Ujumbe wa "Out of Range" au "Input Not Supported" maana yake kompyuta inatuma picha ambayo monita haiwezi kuichora, mara nyingi baada ya kubadilisha monita kubwa kwa ndogo. Kwenye Windows 7, washa ukigonga F8 na kuchagua hali ya picha ndogo au Safe Mode, yaani Windows ikianza na vitu vya lazima tu. Kwenye Windows 10, izime kwa kushikilia kitufe mara tatu mfululizo inapoanza kufunguka, italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo utaipata Safe Mode. Ukiingia, rekebisha saizi. Monita ya mraba ya inchi 17 au 19 ni 1280 kwa 1024. Ile pana ya inchi 19 mara nyingi ni 1440 kwa 900. Ya inchi 22 mara nyingi ni 1680 kwa 1050. Kasi iwe hezi 60.

Kwenye Windows 10, kabla ya hayo yote, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo huanzisha upya draiva ya picha, na unaweza kusikia bipu. Halafu kitufe cha Windows na P: inawezekana picha imepelekwa kwenye projekta ambayo haipo. Bonyeza P mara nyingine na Enter, subiri, rudia.

Kama kila kitu ni kikubwa na kimetanuka, fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, Windows haina draiva ya kadi yako. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko. Tovuti zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja zikwepe, nimesafisha virusi vyake mara nyingi mno. Na kama tatizo limeanza baada ya sasisho, kwenye Device Manager hiyohiyo kuna kitufe cha Roll Back Driver.

Ukikwama, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi badala ya Windows, kwenye flashi na uiwashe kompyuta kutoka humo bila kuisakinisha. Picha ikiwa safi nusu saa nzima, vifaa vyako ni vizima, shughulika na Windows tu.

Ukifika mwisho bila picha

Umejaribu waya mzima, monita nzima, ramu kimoja kimoja, bila kadi, betri mpya, kapasita hazijavimba. Zimebaki pawa saplai na mazabodi. Azima pawa saplai ya mashine kama hiyo kwanza, kwa sababu feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba volti zote zimetimia. Kama hiyo nayo haikusaidia, ni mazabodi, na mazabodi ya mashine ya mtumba mara nyingi inakaribia bei ya sipiyu nyingine. Hapo acha kutumia hela. Toa diski yenye kazi zako, toa ramu, prosesa na waya, viweke kwenye bahasha yenye jina la modeli. Yule mama wa Ngamiani ana bahasha kama hiyo sasa, na monita yake ya ziada tuliiunganisha kwenye tundu la pili la sipiyu ileile: moja inamtazama yeye, nyingine imegeukia mteja asome barua yake kabla haijachapwa.